Kilichokosekana kwenye Daftari la Nukta

Kazi yetu wengi hawajui kama ipo. Kabla karatasi haijapigwa chapa mara elfu ishirini, lazima watu wawili wakae meza moja. Mmoja anasoma kwa sauti kile alichokileta mteja, mwingine anafuata kwa kalamu nyekundu kile kilichopangwa na mtambo. Anayesoma hasomi kama mtangazaji wa redio. Anasoma kila kilichopo: herufi kubwa, mkato, fungua mabano, funga mabano, nukta. Saa saba kwa siku, siku tano kwa wiki. Mimi ndiye wa kalamu nyekundu. Wa sauti alikuwa mzee mmoja mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kola, ambaye kiwanda kizima kilimwita Nukta. Hata mlinzi wa getini alimwandika hivyo kwenye kitabu cha mahudhurio.

Jina lenyewe alilipata kwa halali. Ukikaa miaka thelathini unatamka alama, zinakuganda. Akiagiza chai kantini alisema, "Chai moja, mkato, isiwe na sukari, nukta." Akikataa kitu alisema, "Sitaki, nukta," na hapo hata mkaidi alijua mjadala umefungwa. Msichana wa mapokezi alimwigiza kwa utani miezi miwili, mwishowe na yeye ikamganda, akawa anawajibu wateja kwenye simu kwa nukta.

Mimi hasira zangu ziko karibu, nasema mapema usije ukanishangaa. Kibao cha duka kikikosewa herufi moja siku yangu inaharibika. Mume wangu husema siku nitakayozikwa nitafufuka nisahihishe risala, kisha nilale tena. Nukta alinivumilia miaka kumi na moja. Na kwa miaka hiyo yote tulizungumza saa saba kwa siku, na maneno yote yalikuwa ya watu wengine: mitihani ya shule, maelekezo ya dawa za mifugo, kalenda, maboksi ya sabuni. Sauti yake naijua kuliko ya mume wangu. Lakini ungeniuliza nyumbani kwake kuna viti vingapi, nisingekuwa na jibu.

Mkewe alipofariki tulikwenda kuzika, tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukatoa pole, tukarudi. Wiki ya pili alikuja kazini, akavuta kiti, akafungua bahasha ya kwanza na kuanza: "Herufi kubwa. Swali la kwanza, nukta." Nami nikashika kalamu. Sikumuuliza lolote, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Vidonda vilianza kama mwaka hivi baada ya hapo. Nilivisikia kabla ya kuviona. Maneno yalianza kumtoka na upepo, kama mtu aliyeng'oka jino. Kisha akawa anasimama katikati ya sentensi, anafumba jicho moja, anameza mate, anaendelea. Siku moja alipiga mwayo mbele yangu nikaona. Ndani ya mdomo wa chini palikuwa na kidonda cheupe katikati, chekundu pembeni, ukubwa wa punje ya dengu. Kingine kilikuwa ubavuni mwa ulimi, na cha tatu shavuni.

"Kaka, mdomo umefanyaje?"

"Si kitu, mkato, vitapona."

Vilipona kweli, baada ya siku kumi. Tatizo ni kwamba vingine vilikuja kabla vile havijafunga.

Saa sita na nusu sote hula pamoja, kwenye meza ndefu ya chumba cha kujalidia vitabu, tukisogeza pembeni gundi na nyuzi. Kila mtu na chombo chake, na kila mtu anatupa jicho kwenye cha mwenzake. Hapo ndipo kesi ya mdomo wa Nukta ilipoanza kusikilizwa bila mwenyewe kufungua mashtaka. Fundi mitambo, jitu lenye mikono myeusi hadi kwenye viwiko, hakuwa na shaka hata kidogo.

"Ni wino. Mnamwona anavyolamba kidole akifunua karatasi? Miaka thelathini analamba wino, mdomo utabaki salama kweli?"

"Basi wewe ungekuwa umeshakufa," alijibu mama wa jalada, mwanamke mnene anayeshona vitabu na ambaye mfuko wake wa aproni haukosi karanga. "Ni joto la mwili. Apunguze pilipili."

"Mzee Nukta," msichana wa mapokezi akadakia, "hebu sema ukweli, umembusu nani?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Nukta naye akacheka, ila alichelewa, na alicheka mdomo ukiwa umefungwa. Nilirusha teke chini ya meza limpate yule msichana, nikapiga mguu wa kiti, nikajiumiza kidole.

Baada ya siku hiyo hakuja tena mezani. Alibaki chumbani kwetu, ameelekea ukutani, anakula wali uliopoa kwa vijiko vidogo vidogo. Alifumba jicho kila alipotafuna. Wenzetu wakasema amenuna. Wengine wakasema uzee umemfanya ajisikie. Nilitaka kuwaambia kwamba mtu ambaye hata maji yanamchoma hana nafasi ya kuringa, lakini nikafunika chombo changu nikarudi kazini.

Kisha likatokea kosa. Tulikuwa tunapitia karatasi ya maelekezo ya dawa ya kuoshea ng'ombe, na aliyepanga maneno kwenye mtambo alikuwa ameruka mstari mzima. Kosa la aina hiyo mimi siwezi kulikamata kwa macho. Nalikamata kwa masikio tu: msomaji anasoma mstari ambao kwangu haupo, nami napiga kelele. Siku hiyo kidonda cha ulimi kilikuwa kimemkaba, akateleza, akauruka mstari ule ule. Mtambo umeuruka, msomaji ameuruka, mwenye kalamu angejuaje? Mzigo wote ukarudishwa na mteja.

Msimamizi wetu ni mwanamke asiyepandisha sauti, na hiyo ndiyo inayotisha. Alituita sote wawili ofisini kwake.

"Mzee Nukta, sina ugomvi na wewe. Tukimaliza mitihani ya muhula huu, kama mdomo haujakaa sawa, utahamia ghala ya karatasi. Huko hakuna kusoma."

"Sawa, nukta," alisema, kwa sauti ambayo niliisikia kwa shida.

Ghala yetu iko nyuma ya kiwanda. Haina dirisha. Kuna marobota ya karatasi hadi darini, feni moja, na mtu mmoja. Mtunza ghala aliyepita alistaafu akiwa amezoea kuyaamkia marobota, na wala si kwa utani. Nikamfikiria Nukta anatoka kwenye nyumba isiyo na mtu, anakuja ghala isiyo na mtu, anarudi kwenye nyumba ile ile. Siku nzima ingepita hajatamka neno, na hajatamkiwa. Niliogopa kana kwamba ni mimi ninayehamishwa.

Kesho yake nilimpeleka kliniki ya meno, akaja shingo upande. Nilibaki kwenye benchi la nje nikisahihisha tangazo la ukutani kimoyomoyo. Alikaa ndani karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa na daftari jipya mkononi na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Anasemaje?"

"Ametoa damu, akapima, mkato, haina upungufu wowote. Anasema midomo mingine inagombana na kitu fulani. Machungwa, mkato, nanasi, mkato, nyanya, mkato, karanga, mkato, kahawa, mkato, chokoleti. Kila mtu na adui yake. Niandike ninachokula kila siku na siku ambayo kidonda kinaanza. Kisha niondoe kimoja kimoja, nisiondoe vyote kwa mpigo, maana nitakufa njaa na sitamjua mkosaji. Nikidhani nimempata, nimrudishe mara moja nihakikishe. Na kidonda kikipita wiki tatu bila kufunga, nirudi haraka."

"Basi?"

"Basi, nukta."

Daftari lile ungeliona ungelipenda. Alilipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, chakula, kiasi, kidonda. Kwenye ukurasa wa kwanza alichora ramani ya mdomo, juu kulia, chini kushoto, ulimi katikati, na kila kidonda alikipa namba. Kila Jumatatu alinipa nilipitie, kwa sababu hawezi kuacha maandishi yakae bila kusahihishwa. Ndivyo nilivyoingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, kwa njia ya chakula.

"Saa 1:10 asubuhi. Chai ya maziwa, kikombe kimoja, vuguvugu. Mkate, vipande viwili, bila ukoko." Hayo yalikuwa ya kawaida. Lakini ya jioni yalinifanya nirudie kusoma. "Viazi vya kuchemsha, vinne. Nilikula viwili." "Wali, vikombe viwili. Nilikula kimoja." "Mayai manne. Nilikula mawili." Kurasa hadi kurasa. Ilinichukua wiki tatu kuelewa kwamba mkono wake ulikuwa bado unapika kwa ajili ya watu wawili. Nilifunga daftari nikaenda chooni, nikafungulia bomba ili msichana wa mapokezi asinisikie.

Akaanza kuondoa. Machungwa kwanza, wiki mbili. Hayo alikuwa akipewa na jirani yake wa mlango wa pili kila Jumamosi, wakimenya pamoja barazani. Akaacha kukaa barazani. Kahawa ikafuata. Hiyo alikuwa akinywa na mlinzi, amesimama getini dakika kumi kabla ya kengele. Akawa anapita moja kwa moja. Karanga za mama wa jalada zikaondoka, na soga za saa tisa nazo zikaondoka. Ungesema angeweza kukaa nao bila kula. Angeweza, mtu mwingine. Yeye aliona haya kukaa mikono mitupu mbele ya mtu anayetafuna. Kila alichokiondoa kiliondoka na mtu.

Hata kulamba kidole aliacha. Aliweka sponji yenye maji kwenye kisahani akawa anagusa hapo, na fundi mitambo akajipongeza kwa siku nne, mpaka vidonda viwili vipya vilipotokea chini ya ulimi. Mkanda wake ulihitaji tundu jipya. Mitihani ilikuwa inakaribia kuisha.

Kulikuwa na jambo moja ambalo nililiona na sikulifuata, na hapo nastahili lawama. Katika wiki ya tatu alikwenda kumwona dada yake, siku nne. Kwenye daftari aliandika: "Alhamisi hadi Jumapili. Kwa dada. Nimekula kila kitu, pamoja na nyanya na nanasi. Hakuna kidonda kipya." Nilipiga alama ya kuuliza pembeni kwa kalamu nyekundu.

"Kaka, huko mbona hamna kidonda?"

"Hewa ya kule ni nzuri, nukta."

Nikaachia hapo. Mimi, ninayegombana na vibao vya maduka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, asubuhi. Mezani palikuwa na boksi la dawa ya meno, ile nyekundu yenye mdalasini. Wenyewe huleta kila mwaka, wakibadilisha rangi kidogo na kuacha maneno yale yale. Tulishalipitia mara kumi labda. Nukta akalishika la mteja, mimi nikafuata la mtambo.

"Piga mswaki mara mbili kwa siku, nukta. Usimeze, nukta. Weka mbali na watoto wadogo, nukta. Acha kutumia ukipata muwasho au vidonda mdomoni."

Nilingoja kalamu ikiwa hewani. Hakusema nukta. Feni ilizunguka, mtambo wa chumba cha pili ukagonga na kugonga. Nikainua macho nikamwona anaangalia lile boksi kama mtu aliyeitwa jina lake hadharani.

Sentensi ile nilikuwa nimeisikia mara kumi na kuipigia alama ya sawa mara kumi. Haikuwahi kuniingia. Kazi yetu ndivyo ilivyotufanya: tunasikia alama, tunasikia herufi, na maneno yenyewe yanapita kama maji kwenye chujio. Kama angeitamka ile nukta yake kama kawaida, ningeipitisha mara ya kumi na moja.

"Kaka, wewe unatumia dawa gani ya meno?"

Aliweka boksi chini taratibu, akalinyoosha likae sambamba na ukingo wa meza.

"Hii."

Nilivuta droo nikatoa daftari. Nilifunua ukurasa baada ya ukurasa. Maji yalikuwemo. Chumvi ya kusukutulia ilikuwemo. Pipi moja aliyopewa na mtoto wa jirani ilikuwemo, na kwamba aliitema. Kulikuwa na siku aliyoandika, "Bahasha moja, nililamba gundi." Mtu aliyeandika kwamba amelamba bahasha hakuandika, hata siku moja, kwamba anapiga mswaki.

"Ile karatasi ya daktari iko wapi?"

Aliitoa mfukoni. Alikuwa akitembea nayo miezi yote hiyo, mikunjo imeanza kuchanika. Niliisoma yote. Juu waliandika vyakula. Chini yake waliandika vitu vingine vinavyogusa mdomo: dawa ya meno yenye povu jingi au ladha kali, maji ya kusukutulia, rangi ya midomo, ubani wa kutafuna. Pembeni mwa dawa ya meno kulikuwa na alama ndogo ya penseli, safi, ya mkono wake.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kwa dada. Nilisahau mfuko wangu wa mswaki, mkato, nikatumia dawa yake."

Hapo nilichemka. Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba nimemtetea kwa msimamizi mara mbili, kwamba mama wa jalada anajiuliza amemkosea nini, kwamba amekuwa mifupa mitupu kwa ajili ya uzembe wa kutobadilisha dawa ya meno, kitu ambacho hata mtoto wa chekechea angefanya. Fundi mitambo alichungulia mlangoni, akaniona uso wangu, akarudi kwenye mtambo wake. Nukta alisubiri nimalize, kama anavyosubiri nikimaliza kuandika sahihisho.

"Mimi nilikuwa natumia ile nyeupe," alisema. "Hii ni ya mke wangu. Alikuwa anaibinya katikati, mkato, mimi nabinya mwishoni, mkato, tumegombana miaka ishirini na sita kwa jambo hilo. Alipoondoka ilibaki nusu. Imebinywa katikati. Ikakaa pale kwenye kikombe, sikutaka kuigusa, sikutaka kuitupa. Mwaka ukapita nikasema basi niimalize. Nikawa nabinya pale pale pake. Ilipokwisha nikanunua nyingine."

"Lakini kwa nini, kaka, na inakuumiza?"

"Nikimaliza kupiga mswaki, bafuni panakuwa kama katoka sasa hivi. Ile harufu yake ya asubuhi. Dakika tano hivi. Halafu inaisha."

Nilichoweza kusema kilikuwa cha kijinga.

"Lakini ghala, kaka."

"Nilijua. Nimeliwaza kila siku. Mchana niongee na wewe, mkato, au asubuhi awepo yeye. Nikaona nitaamua kesho. Kesho yake hivyo hivyo."

Nilijaribu. Nilimwambia pua haitoki vidonda, aibinye kidogo kwenye sinki, afungulie maji ya moto, harufu itajaa bafu zima bila kugusa mdomo.

"Nilishafanya," alisema. "Inanuka sinki tu."

Tukamaliza lile boksi. Kulikuwa na kosa kwenye uzito, tukalirekebisha. Asubuhi iliyofuata alikuja na bahasha ya kaki, akaiweka mbele yangu. Ndani mlikuwa na ile dawa ya meno, imebinywa katikati.

"Kaa nayo wewe. Ikibaki nyumbani nitaitumia, nukta."

Niliiweka kwenye droo chini ya kalamu nyekundu. Akanunua nyeupe isiyo na povu jingi, kama daktari alivyomwelekeza. Wiki ya kwanza sikuona tofauti. Wiki ya pili vile vya zamani vilifunga na hakikuja kipya. Wiki ya tatu nilishtukia nafuata kalamu kwa kasi ya zamani, sauti yake imenyooka, mikato inadondoka pale pale inapostahili. Msimamizi alisimama mlangoni siku moja na karatasi mkononi, akasikiliza kama dakika mbili, akaondoka. Baadaye nilisikia wameitafutia ghala mtu mwingine.

Alirudi mezani saa sita na nusu. Wakamsogezea kiti. Mama wa jalada alimenya chungwa, akatoa hata zile nyuzi nyeupe, akampa kipande, na watu kumi na wawili wakaacha kula wakimtazama mzee mmoja anatafuna.

"Tamu, nukta."

Meza ilipiga kelele utadhani tumeshinda kombe. Fundi mitambo alimpiga mgongoni akamwachia alama ya wino kwenye shati. Nami nilifurahi, kusema kweli. Lakini jioni, kengele ilipolia, nilimwona Nukta anapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Alifunga dirisha, akalifungua, akalifunga. Zamani alikuwa wa kwanza kutoka.

"Huendi?"

"Naenda. Nyumba siku hizi haina harufu ya mtu, mkato, sina haraka nayo."

Miezi ikapita. Kisha, Ijumaa moja, akasimama mbele ya droo yangu.

"Daktari alisema ukidhani umempata mkosaji, mkato, umrudishe mara moja uhakikishe. Sikuwahi kuhakikisha."

Nilimtazama. Wala hakujitahidi kunidanganya. Kesho yake ilikuwa tarehe ambayo sisi tulikaa kwenye viti vya plastiki. Safari hii nilikuwa nimeikumbuka. Ningeweza kukataa, ufunguo wa droo ulikuwa wangu, na mdomo wake ndio uliokuwa riziki yake na kiti chake mbele yangu. Nilifungua nikampa bahasha.

"Mara moja," nilimwambia.

"Mara moja, nukta."

Jumatatu alikuja mdomo ameufunga. Hakwenda kwenye kiti chake. Alikaa kwenye changu, akachukua kalamu nyekundu, akanisukumia karatasi ya mteja. Basi siku hiyo nilisoma mimi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Nilisoma vibaya. Nilisahau mikato, na kila nilipousahau mmoja aligonga meza kwa kalamu. Saa sita na nusu nilidhani atabaki na ukuta wake. Akaja. Alikaa katikati ya fundi mitambo na mama wa jalada, akanywa maziwa baridi kwa kijiko, na hakuna aliyemuuliza kambusu nani.

Kengele ilipolia alinirudishia bahasha, na juu yake daftari, nilipitie. Nikafungua ukurasa wa Jumamosi.

"Saa 12:40 asubuhi. Dawa ya meno ya mke wangu. Kiasi: punje ya haragwe. Nilibaki bafuni mpaka ilipokwisha. Vidonda: viwili, chini kulia."

Niliusoma mara mbili. Hapakuwa na cha kusahihisha. Nikafunga bahasha kwenye droo, nikachukua mkoba wangu, na kwa kuwa nilikuwa nimechelewa miaka kadhaa, niliuliza swali langu pale pale kabla aibu haijanizuia.

"Kaka, alikuwa mtu wa namna gani?"

Alinitazama kama ninatania. Kisha akaanza. Tulishuka ngazi anaeleza jinsi mkewe alivyokuwa akiimba vibaya akifua, tukapita mapokezi anaeleza jinsi alivyomkataa mara tatu kabla ya kumkubali, na kwamba mara ya tatu alimkataa huku anacheka. Kila baada ya maneno machache alifumba jicho kwa maumivu, na hakunyamaza. Aliongea mpaka getini. Mlinzi alikuwa anangoja kufunga, na Nukta alikuwa hajatamka alama hata moja.